Ganesh wa Udongo, Ganesh wa Plasta

Wasomi wenzangu, somo la leo ni la kemia, ila maabara yake ni ufukwe wa bahari. Ufukwe wenyewe ni Girgaon Chowpatty, jijini Mumbai, India. Kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, umati wa watu hushuka pale na ngoma, maua na poda nyekundu, wamebeba sanamu za Ganesh, yule mungu mwenye kichwa cha tembo. Nyingine zinabebwa mikononi kama mtoto mchanga, nyingine zinakuja juu ya malori. Zikifika majini zinatoswa, na watu wanamwomba Ganesh arudi mapema mwakani. Kesho yake asubuhi, maji yakikupwa, ufukweni kunabaki vichwa, mikono na mikonga iliyovunjika, rangi bado zinang'aa, na wafanyakazi wa manispaa wanazoa.

Swali letu ni hili: je, uchafu ule ni sehemu ya ibada, au umeingia kwa mlango wa nyuma? Jibu lina maana kubwa. Ukisema ni sehemu ya ibada, basi mwenye kutaka maji safi lazima agombane na dini. Ukisema uliingia tu, basi unaweza kutolewa na ibada ikabaki. Mimi nasema uliingia, na nitajaribu kuonyesha ulivyoingia, kwa nini ni vigumu kuutoa, na nani analipa gharama ya kuutoa.

Kwanza tuelewane maneno

Hapa kwetu tunachanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa India au wa asili ya India. Anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Singasinga au Mjaini. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Watu wa pwani waliwaita Mabaniani, na methali ya kiatu cha Baniani tumeimeza wote tangu shule ya msingi. Cha ajabu, tunakijua kiatu chake kuliko tunavyozijua sikukuu zake, ingawa mahekalu yao yapo Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Kampala, na Diwali husherehekewa kote huko.

La pili ni neno "sanamu". Nalitumia kwa kuwa ndilo tulilo nalo. Wenyewe husema murti. Kwa mafundisho yao, fundi akimaliza kazi yake kile ni kitu tu. Hufanyika ibada ya kumkaribisha mungu ndani yake, naye hukaa kama mgeni wa heshima siku moja na nusu, siku tano, saba au kumi. Siku ya mwisho hufanyika ibada ya kumuaga, ndipo sanamu hupelekwa majini. Ukishika hilo utaona kwamba kinachotoswa ni udongo ulioazimwa, na mwenye nyumba ameshaondoka. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji mbele.

Sikukuu ilivyokua

Zamani Ganesh Chaturthi ilikuwa zaidi ni ibada ya nyumbani. Familia ilinunua au ilifinyanga sanamu ndogo ya udongo, ikaiweka sebuleni, kisha ikaitosa kwenye kisima, kijito au bwawa la karibu. Mwaka 1893, Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa na mhariri wa gazeti kutoka Pune, alihimiza sikukuu hii iadhimishwe hadharani mitaani. Waingereza walikuwa wanatawala, na mikusanyiko ya kisiasa ilikuwa inaangaliwa kwa jicho kali. Sikukuu ya dini ilikuwa na nafasi zaidi ya kupumua. Watu wa matabaka mbalimbali wakakutana, hotuba zikatolewa, nyimbo zikaimbwa.

Kutoka hapo vikundi vya mitaa, wenyewe huviita mandal, viliongezeka. Kikundi maarufu cha Lalbaug jijini Mumbai kilianza mwaka 1934. Na palipo na vikundi vingi, bwana, ushindani haukosi: huyu akisimamisha sanamu ya futi 10, jirani anataka ya futi 20. Sanamu kubwa ya udongo ni nzito, inachukua muda mrefu kukauka, na ikikauka vibaya inapasuka. Hapo ndipo mgeni mwingine alipopiga hodi: plasta ya Paris.

Kemia ya plasta

Plasta ya Paris unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Ukivunjika mguu, ndiyo unayofungwa hospitalini. Ukiangalia dari za nyumba mpya mjini, zile za jipsamu zenye maua na mikunjo, ni jamaa yake. Inatokana na madini ya jasi, ambayo yako hata hapa Tanzania. Jina la Paris limetokana na machimbo ya jasi ya Montmartre.

Jasi ni kalsiamu salfeti iliyoshikana na maji. Ukiipasha joto la takribani nyuzi 150 za Selsiasi, inapoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga mweupe. Unga ule ukichanganywa na maji unayanywa tena, na ndani ya dakika chache unarudi kuwa jasi ngumu. Kwa fundi ni neema: anamimina kwenye kalibu, anasubiri kidogo, anatoa Ganesh. Ni mwepesi, haupasuki ovyo, unapokea rangi vizuri, na bei yake ni nafuu.

Sasa itose sanamu hiyo majini. Lita 1 ya maji inaweza kuyeyusha takribani gramu 360 za chumvi ya mezani, lakini inayeyusha gramu 2 hadi 2.5 tu za jasi. Hebu tufanye hesabu. Sanamu ya nyumbani yenye kilo 12 za jasi ni gramu 12,000. Tugawe kwa 2.4, tunapata lita 5,000. Yaani sanamu moja ya sebuleni inataka maji ya tanki moja kubwa la plastiki, yale meusi tunayoyaona juu ya mabweni, ili iyeyuke yote. Na hiyo ni kama maji yanakorogwa. Kwenye tope la chini ya bwawa, itakaa miezi mingi.

Mumbai hutosa zaidi ya sanamu laki moja kwa msimu mmoja. Zidisha mwenyewe.

Mtu atasema, jasi si sumu, hata wakulima huiweka shambani. Ni kweli, jasi peke yake si sumu kali. Lakini bwawa dogo lina mambo matatu ya kulitesa. La kwanza ni wingi: chembe zinatua chini, zinafunika viumbe wa tope na kupunguza kina. La pili ni salfeti. Kwenye tope lisilo na oksijeni kuna bakteria wanaotumia salfeti kama sisi tunavyotumia oksijeni, na wakimaliza wanatoa hidrojeni salfaidi, ile hewa yenye harufu ya mayai viza ambayo ni sumu kwa samaki. La tatu, na ndilo baya zaidi, ni rangi. Rangi za viwandani za bei rahisi zinaweza kuwa na risasi, zebaki, kadimi na kromu. Metali nzito hizi hazioziki. Zinakaa kwenye tope, zinaingia kwa wadudu, kwa samaki, hatimaye kwenye sahani ya mtu ambaye pengine hata si Mhindu wala hakualikwa sherehe.

Na udongo je? Wa Maharashtra hutumia udongo mweupe unaoitwa shadu, mwingi ukiletwa kutoka jimbo jirani la Gujarat. Udongo hauyeyuki pia, tuseme ukweli, ila unamomonyoka. Ukiloa, chembe zinaachiana, na baada ya muda mfupi sanamu imerudi kuwa tope. Ndiyo maana mila ilichagua udongo: sanamu inatoka ardhini, inarudi ardhini, na mwenye macho anajifunza kwamba kila umbo lina mwisho. Plasta inalikataa somo hilo. Unamuaga mungu wako kwa heshima zote, kesho yake unamkuta ufukweni hana mkono. Waumini wengi wa Mumbai wanasema picha hiyo ndiyo iliyowageuza mawazo, kabla ya somo lolote la kemia.

"Mwacha mila ni mtumwa," tunasema. Sawa. Lakini katika kesi hii mila ni ipi? Udongo ndio mwenyeji. Plasta ni mpangaji aliyekuja juzi, na sasa anadai hati ya nyumba.

Maswali matatu

Kabla hatujaenda mbali, nawapa kipimo cha maswali matatu. Kitatufaa kwa sikukuu yoyote.

1. Kitu gani kinaingia kwenye mazingira? 
2. Kinaingia wapi? 
3. Kwa kiasi gani, na kwa muda gani?

Wengi wetu huishia swali la kwanza. Tukisikia "asili" tunapiga makofi. Lakini hata udongo safi, ukimwagwa tani kwa tani katika ziwa dogo ndani ya usiku mmoja, unalijaza na kulitibua. Hata maua. Maua na majani ya ibada, ambayo huitwa nirmalya, yakitoswa mengi yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni ya maji. Samaki hajali kama aliyemnyima hewa ni wa asili au wa kiwandani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kinafurika.

Watu wamefanya nini

Bodi Kuu ya Kudhibiti Uchafuzi ya India ilitoa mwongozo wa kutosa sanamu mwaka 2010, kisha ikaurekebisha Mei 2020 na kuwa mkali zaidi: hakuna plasta ya Paris, hakuna mapambo ya plastiki ya kutupa wala ya foronya nyepesi kama ile ya maboksi ya televisheni, na rangi ziwe zisizo na sumu. Utekelezaji ulisogezwa mwaka mmoja mbele, kwa kuwa mafundi walikuwa wameshamimina sanamu na korona ilikuwa imeshawabana.

Mumbai nayo ilijenga mabwawa ya muda mitaani. Mengine ni matanki, mengine ni mashimo yaliyotandikwa turubai. Mwaka 2024 yalikuwa zaidi ya 200. Unatosa pale, na manispaa inakusanya mabaki. Kwa kipimo chetu, bwawa la muda halibadilishi jibu la swali la kwanza. Linabadilisha la pili. Uchafu ni uleule, ila umewekwa mahali unapoweza kuushika. Pembeni huwekwa mapipa ya nirmalya, na maua hayo hufanywa mboji.

Mahakama Kuu ya Bombay iliingia kwa nguvu mwaka 2025. Januari iliagiza katazo la plasta litekelezwe kikamilifu. Vyama vya mafundi vikaenda mahakamani. Juni ikaruhusu sanamu za plasta zitengenezwe na kuuzwa, ila zisitoswe katika maji ya asili bila idhini yake. Julai ikaelekeza kwamba sanamu za plasta zisizozidi futi 6 zitoswe katika mabwawa ya kutengenezwa. Unaona mvutano: huyu anashika bahari, yule anashika tumbo.

Wanasayansi nao hawakukaa kimya. Maabara ya Taifa ya Kemia iliyoko Pune ilionyesha kwamba sanamu ya plasta inaweza kuvunjwavunjwa nyumbani kwa kutumia amoniamu baikaboneti, unga ambao waokaji wa biskuti wanaujua. Manispaa ya Pune ikawa inawagawia wananchi. Mlinganyo wake, kwa wale wa kidato cha tano na kuendelea:

CaSO4·2H2O + 2NH4HCO3 → CaCO3 + (NH4)2SO4 + CO2 + 3H2O

Soma taratibu. Kilo 1 ya jasi inadai kinadharia takribani kilo 0.92 ya unga ule. Inatoa kilo 0.58 ya kalsiamu kaboneti, yaani ndugu wa mawe ya chokaa, na kilo 0.77 ya amoniamu salfeti. Hiyo ya pili mkulima wa Tanzania anaijua kwa jina la SA, mbolea. Kinachobaki ni maji na hewa ya ukaa. Ganesh anatoka sebuleni, anaishia kwenye ndoo, anamalizikia kwenye maua ya bustani. Inachukua kama siku mbili, na unakoroga mara kwa mara. Lakini angalia: mlinganyo hauna mahali pa rangi. Kama rangi ilikuwa na risasi, risasi bado imo ndani ya ndoo. Kwa hiyo njia hii inatibu plasta, haitibu rangi. Kemia haina huruma, inajibu ulichouliza tu.

Njia rahisi kuliko zote ni ya zamani: sanamu ndogo ya udongo usiopakwa rangi, au uliopakwa rangi ya manjano na mimea, inatoswa kwenye ndoo nyumbani, na tope linamwagwa bustanini. Je, dini inakubali ndoo? Rudi kwenye lile nililowaambia tukumbuke. Mgeni ameshaagwa kabla ya maji. Kinachohitajika ni maji na heshima. Vipimo vya chombo havikutajwa. Isitoshe, katika nyumba nyingi za Maharashtra popoo inaweza kuwekwa na kuabudiwa kwa niaba ya Ganesh. Popoo, ile ile ya tambuu tunayoijua pwani! Dini inayomwona mungu katika popoo haiwezi kushindwa kumwona katika sanamu ya inchi 8.

Wakubwa nao wanaweza. Kule Hyderabad, kikundi cha Khairatabad kilichoanza mwaka 1954 kinajulikana kwa sanamu ndefu kupita kiasi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Telangana ilikataza plasta katika ziwa la Hussain Sagar, na Mahakama ya Juu ya India ikaruhusu kwa mara ya mwisho tu mwaka huo. Mwaka 2022 Khairatabad ikasimamisha Ganesh wa udongo wa futi 50. Kumbe iliwezekana.

Kolkata ina somo lingine. Huko sikukuu kubwa ni Durga Puja, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2021. Mafundi wa mtaa wa Kumartuli hufunga mianzi na majani makavu ya mpunga, kisha hukandika udongo. Sanamu ikishatoswa mto Hooghly, winchi zinainyanyua upesi, na viunzi vinaweza kutumika tena. Ibada imetimia, na mto haukuachiwa mzigo wote.

Nani analipa?

Hapa ndipo penye uzito, na wanaharakati wengi huruka haraka. Mji mdogo wa Pen, wilaya ya Raigad, ndio kitovu cha sanamu za Ganesh. Karakana zinafanya kazi karibu mwaka mzima, na familia nyingi zinakula kwa kazi hiyo. Fundi wa plasta akiambiwa mwezi mmoja kabla ya sikukuu kwamba plasta haramu, hajaambiwa abadilike; ameambiwa afilisike. Sanamu zipo, deni lipo, mnunuzi hayupo.

Na kuhamia udongo si kugeuza shati. Anahitaji muda zaidi wa kukausha, nafasi zaidi ya kuanika, ustadi wa mkono, na mteja atakayekubali sanamu fupi na nzito kwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo katazo la haki lina mambo mawili: linatangazwa kabla fundi hajanunua malighafi, na linambana mnunuzi pia. Kikundi kinachotaka sanamu ya futi 20 ndicho kinachoita plasta. Fundi anaitikia tu. Sisi wenyewe tumeona mfano wake: katazo la mifuko ya plastiki Tanzania lilitangazwa bungeni Aprili 2019 na kuanza Juni 1. Wenye viwanda walilalamikia muda, lakini mteja naye alibanwa, na kesho yake kila mtu alitafuta kikapu.

Kuna lalamiko la pili, nalo lina haki. Waumini huuliza: bahari ya Mumbai inapokea majitaka ya mji mwaka mzima, viwanda vinamwaga, nyie mnaona siku kumi za Ganesh tu? Kweli kabisa. Anayeikemea sanamu na kuifumbia macho bomba la majitaka hatetei bahari. Lakini kosa la jirani halisafishi uwanja wako. Tofauti ni kwamba bomba linahitaji bajeti na miaka. Ndoo inahitaji uamuzi wa familia leo jioni. Na muumini aliyesafisha upande wake ana mdomo mpana zaidi wa kuidai serikali bomba.

Diwali na fataki

Kwa kifupi tutumie kipimo chetu kwenye Diwali, ambayo ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Nazungumzia fataki za baruti, si yule Fataki wa matangazo ya redio.

Kitu gani? Rangi za fataki ni metali: strontiamu nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu, sodiamu manjano. Moshi wake una chembe laini zinazoingia hadi ndani ya mapafu. Wapi? Delhi, mwanzoni mwa majira ya baridi, hewa ya juu huwa na joto kuliko ya chini na kuufunika mji kama sufuria. Wakati huohuo wakulima wa Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga. Kiasi gani? Mamilioni ya watu, usiku mmoja. Ndiyo maana Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya India ilipunguza muda wa kulipua fataki siku ya Diwali uwe kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku, ikaruhusu tu fataki zenye moshi pungufu, na ikakataa chumvi za bariamu. Fataki hizo "za kijani" ziliundwa na wanasayansi wa serikali, na lengo lao ni kupunguza chembe za moshi kwa takribani asilimia 30. Sikiliza vizuri: asilimia 30 pungufu maana yake asilimia 70 ipo. Na hapa tena, swali la nani analipa linarudi: fataki nyingi za India hutoka Sivakasi, Tamil Nadu, mji ambao maisha yake ni baruti.

Lakini sikukuu yenyewe inataka nini? Jina Diwali linatokana na safu ya taa. Taa yake ni kibakuli cha udongo, samli au mafuta, na utambi wa pamba. Umeona? Udongo tena. Fataki kwa Diwali ni kama plasta kwa Ganesh: mpangaji.

Dar es Salaam au Mombasa upepo wa bahari unatusaidia, na wanaosherehekea si mamilioni. Jibu la maswali ya pili na ya tatu ni jepesi kuliko Delhi. Hata hivyo mgonjwa wa pumu wa jirani anapumua hewa ya mtaa wake, hapumui wastani wa jiji.

Sisi je?

Msomaji ambaye si Mhindu asikunje nne akaona haya ni ya wenyewe. Tazama mahafali yetu. Puto zinaachiliwa, vipande vinavyometameta vinarushwa juu, chupa za maji zinabaki uwanjani, na kesho mvua inavisukuma kwenye mtaro. Vipande vile ni plastiki. Hakuna kitabu cha dini wala sheria ya chuo iliyosema shahada haishiki bila vimetameta. Navyo ni mpangaji.

Nimechagua Ganesh kwa sababu pale tunaona vizuri jinsi mabadiliko yanavyoshika. Mahakama ilisukuma, maabara ikasaidia, lakini hoja iliyofika sebuleni ilikuwa ile iliyotoka ndani ya imani yenyewe: umbo linatoka udongoni, linarudi udongoni. Mtu wa nje akisema "acheni sikukuu yenu," anajenga ukuta. Mtu wa ndani akiuliza "babu zetu walitumia nini?", anafungua mlango.

Maswali ya kujadili

1. Sanamu ya jasi ina kilo 3. Inahitaji lita ngapi za maji ili iyeyuke yote, na kilo ngapi za amoniamu baikaboneti kwa kinadharia? 
2. Bwawa la muda linabadilisha jibu la swali lipi kati ya yale matatu? Je, mabaki yake yanapaswa kwenda wapi, na nani alipe? 
3. Chukua sherehe moja unayoipenda, ya dini yako, ya kabila lako au ya chuo. Andika orodha ya vitu vyake vyote, kisha utenge wenyeji na wapangaji. Zungumza kwanza na bibi au babu kabla ya kuandika. 
4. Wewe ni diwani wa mji wa Pen. Andika katazo la plasta lisilomfilisi fundi. Taja mwezi wa kulitangaza, na ueleze utakachomfanyia mnunuzi.

Swali la 4 ndilo gumu. Anzeni na hilo.